Nilivyomsingizia Nakunda kwa Mausi

Tangu jana sijui nitamtazamaje dada Nakunda, mwenzangu katika ofisi ya shamba la mkonge hapa Same.

Watu wanapunguzwa kazini, na kila mmoja ana hofu. Jana hiyo asubuhi, kompyuta ikiwa imewaka, nilichomoa waya wa mausi, nikaihamishia mausi yenyewe kushoto, nikauchomeka tena. Mshale ukagoma kusogea. Meneja alipoingia nikaropoka, "Juzi mausi hii alikuwa nayo Nakunda. Ameiharibu."

Nakunda akasogea, akaitazama mausi ilipokaa.

Meneja akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Mshale ukatembea.

"Haijaharibika. Mtu kaichomoa kompyuta ikiwa inawaka, na mausi hizi za zamani hugoma hapo," akasema. "Nani kaihamishia huku?"

"Humu ndani anayetumia mkono wa kushoto ni mmoja, bosi," Nakunda akajibu taratibu.

Wote wakanigeukia.