Mbwa wa Kazi Mbili na Wivu wa Mke Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata nikiwa juu ya msala, Mungu anisamehe. Ni siku ile fundi wa viyoyozi alipoingia nyumbani kwetu hapa Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, katikati ya kiangazi, joto la kuunguza kuta, na mume wangu akamwambia aanze na kibanda cha mbwa. Chumbani kwangu baadaye.

Nakuhadithia haya kwa sababu umekuja na simu yako ukanikalia hapa sebuleni tangu alasiri. "Mama Mkubwa," umeniambia, "marehemu Baba Mkubwa Salim alikuwa mtu wa mbwa. Nambie, mbwa gani anafaa kwa ndege na kwa kulungu pia?" Kazi inakupeleka Uskochi, wenzako wa huko wamekwisha kukualika kwenye mawindo yao, na wewe unataka mbwa mmoja afanye yote mawili. Picha ulizonionesha sijui mwisho wake. Na muda wote huo mkeo Shamsa yuko jikoni kwangu anakata vitunguu, na mimi vitunguu sikumtuma. Ule uso wake naujua. Niliwahi kuuvaa.

Basi weka simu chini unisikilize. Habari ya mbwa utaipata, kwa sababu naijua kuliko unavyodhani.

Baba Mkubwa wako alikulia Tabora. Baba yake alikuwa mwindaji mwenye kibali, na yeye tangu mdogo alifuatana naye porini. Walipohamia Maskati akapata kazi serikalini, akavaa dishdasha yake nyeupe kila asubuhi akaenda ofisini, lakini roho yake ilibaki kule kwenye miombo. Kaka yake Humud alibaki Tabora, na kila likizo Salim alikwenda kuwinda naye. Mimi ni wa Unguja, nimeletwa hapa mdogo, pori silijui wala silitaki. Tulipooana nilimkuta na shauku yake hiyo kama mtu anavyoikuta nyumba na mwenyewe ndani.

Mwaka wetu wa kwanza akaamua kuwa na mbwa wake mwenyewe. Lakini si mbwa yeyote. Kule kwao waliwinda kanga na kware, na waliwinda pongo na swala, na kazi hizo mbili, mwanangu, zinagombana. Mbwa wa ndege anatakiwa atangulie mbali, apekue majani, akimnusa ndege asimame kama jiwe na pua imenyooka mpaka mwenye bunduki afike, kisha akaokote kilichoanguka akilete bila kukitafuna. Mbwa wa kunyatia wanyama anatakiwa kinyume chake: atembee kisiginoni kwako, asilie, asitikise hata jani, na mnyama akijeruhiwa afuate damu polepole mpaka alipojificha. Salim alitaka yote hayo kwenye ngozi moja.

Akawa halali wala haamki ila na habari hizo. Saluki, mbwa wa mbio wa Waarabu, hafai, akisema, anawinda kwa macho na miguu, damu ya jana haijui. Wale weusi wa kuokota ni watulivu na wana akili, lakini hawasimami kumuonesha ndege. Wale wadogo wenye masikio marefu hawawezi kukaa kimya hata kwa dawa. Wale wekundu wa Kihungaria ni wazuri, ila nywele zao fupi, mvua ikinyesha wanatetemeka. Mwisho akawaangukia wale wa Kijerumani wenye manyoya ya waya na ndevu kama shekhe. Mhandisi mmoja Mjerumani aliyekaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos alikuwa naye jike wa aina hiyo, karibu kuzaa. Salim akawa haendi Mabela kwa mama yake, anakwenda kwa Mjerumani.

Yote haya nilikuwa nasikia mezani, kila siku, na hakuna siku aliyoniuliza mimi naonaje. Mara moja aliniambia jina la mama wa wale watoto wa mbwa, na jina la bibi yao, na mji aliozaliwa babu yao. Nikamuuliza, "Na bibi yangu mzaa mama akiitwa nani?" Akaacha kutafuna. Hakujua. Akacheka akasema atamuuliza mama. Mimi sikucheka.

Mbwa akaja. Jike, rangi ya kahawa iliyochanganywa na mvi. Sitasema uongo, alikuwa mzuri. Salim akamjengea kibanda uani, akaweka kanzu kuukuu ya kumshikia, na mate yake yakimgusa alijiosha kwa maji na mchanga kama tulivyofunzwa. Kwa upande wa dini sikupata pa kumshika, na hilo nalo liliniudhi, maana mtu mwenye wivu anatafuta pa kushika.

Kisha akampa jina. Hapa lazima nikueleze kitu. Zama za uchumba wetu tulikuwa tukizungumza kwa simu, mama yangu amekaa pembeni anajifanya anafuma kofia, na Salim alikuwa na jina akiniita. Johari. Akilisema kwa sauti ya chini, na mimi nageuza uso ukutani ili mama asinione. Tulipooana lile jina likapotea kidogo kidogo, kama yanavyopotea mambo ya uchumba, nikasema ndio ukubwa huo. Basi siku ile nipo jikoni napepeta mchele, nikasikia sauti ileile, ya chini, tamu: "Johari. Njoo, Johari."

Nikaitika, "Labeka." Nikafuta mikono nikatoka mbio.

Alikuwa amechuchumaa uani, na mbwa anamjia.

Hakunisikia hata nilivyoitika. Nikarudi kwenye mchele wangu. Mke mwenza ningejua la kumfanyia. Ningejipamba, ningepika, ningegombana. Huyu nitagombana naye vipi?

Toka siku ile nikawa wa dirishani. Kila baada ya sala ya alfajiri Salim alimpeleka yule mbwa wadini, kule kwenye bonde la mto mkavu, na mara nyingine alimfundisha hapohapo nyuma ya nyumba kwenye kiwanja kitupu. Alimficha njiwa aliyekufa kwenye vichaka, alikokota ngozi ya mbuzi yenye damu kutoka kwa mchinjaji, kisha anamwachia mbwa atafute. Na mimi nipo nyuma ya pazia naangalia. Nilimjua mbwa yule mpaka nikajichukia. Nilijua akipata harufu ya ndege masikio yanapanda na mguu mmoja wa mbele unaning'inia. Nilijua akiipoteza damu anainua kichwa na mkia unacheza ovyo, kama mtu anayejifanya anajua njia. Na akiwa nayo kwelikweli, mkia unashuka, unatulia, na anatembea kama anayebeba maji. Salim akimaliza anamkuna shingoni, anamwambia maneno. Maneno yale nilikuwa siyasikii kupitia kioo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Ndipo kikaja kiangazi na fundi wa viyoyozi. Kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kinavuja, kinapuliza joto. Salim akamwambia fundi, "Anza uani, yule ana manyoya, atakufa." Akaenda kazini. Nikainua simu nikampigia mama mkwe wangu, Bi Nunu. "Mama," nikamwambia, "njoo unichukue." Sikueleza zaidi, wala hakuuliza.

Mabela wakati huo ilikuwa mchanga mtupu na nyumba chache zimetawanyika, na kutoka kule hadi Khuwair ilikuwa safari. Alifika kabla ya mwanawe kurudi. Nikamweleza yote, la jina nikalieleza mwisho. Nilitazamia aniambie nisubiri, mume ni mume, angalau hajaenda kwa wanawake. Ndivyo wazee wengi wangesema. Yeye akavua barakoa yake akajipepea nayo.

Salim alipoingia akamkuta mama yake ameketi sebuleni na mimi nimevaa abaya. Akambusu kichwa. Bi Nunu hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Salim, mbwa huyu ulimchagua kwa muda gani?"

Uso ukamnawiri maskini, akidhani mama anapenda kujua. "Muda mrefu, mama. Mbwa wa kazi mbili si mchezo. Lazima uwajue wazazi wake, tabia yake, anatulia vipi, anaogopa nini."

"Ahsante. Na mkeo?"

"Mke vipi, mama? Mke mlinichagulia nyinyi."

Aliisema bila ubaya wowote. Ndipo mwenyewe akaisikia, akanitazama, nikatazama chini.

Bi Nunu akavaa barakoa yake taratibu. "Sisi kazi yetu tuliimaliza siku ya ndoa," akasema. "Yako wewe hujaianza. Tabia yake unaijua? Anaogopa nini, unajua? Huyu aliitika jina lake akakuta limepewa mnyama, na wewe hata hukugeuka." Kisha akanigeukia mimi, na nilidhani nimesalimika. "Na wewe, Zuwena, wivu wako ni haki yako, haki ya mke, usiuonee haya. Lakini umeliambia dirisha muda wote huu badala ya kumwambia mwenyewe. Dirisha litakusaidia nini?"

Tukaondoka naye. Salim alibaki amesimama mlangoni, mikono imening'inia.

Alikuja Mabela kila jioni. Siku za mwanzo alikaa na mama yake, akanywa kahawa akaondoka. Kisha siku moja akaniambia, mbele ya mama yake, "Bibi yako mzaa mama akiitwa Mwanaidi bint Khamis. Alikuwa akishona. Nimemuuliza mama yako." Akaongeza, uso umemwiva, "Na mbwa sasa anaitwa Shaba. Amekubali, ila amenuna." Nikacheka bila kutaka. Nikarudi kwangu.

Usidhani wivu uliisha. Nilirudi nao. Lakini nilimwambia, "Mimi dirishani sikai tena." Akanichukua wadini pamoja nao, asubuhi, mimi na abaya yangu na viatu vya raba, na nikamuona Shaba kwa karibu akimleta njiwa mdomoni, hata unyoya haujalowa vibaya. Nikaelewa kwa nini Salim alimpenda. Kuelewa hakukunipunguzia, lakini angalau nilikuwa naumia nikiwa pamoja naye.

Likizo ilipofika tukaenda sote Tabora. Shaba kwenye kizimba chake ndani ya ndege na vyeti vyake vya daktari, mimi na biskuti zangu. Siku za kwanza zilikuwa za kanga, na mbwa alifanya mambo ambayo Humud hakuyaamini. Kisha wakaenda kwa pongo, na Salim akaniomba nifuatane nao. Mimi nyuma, kimya, nimeshika chupa ya maji.

Salim akapiga, na hakupiga vizuri. Pongo alipotea kwenye kichaka kizito. Unajua pongo aliyejeruhiwa ni mnyama wa hatari, na kumwacha ateseke ni dhambi. Shaba akawekwa kwenye damu. Alikwenda kidogo, kisha akakata kulia, kuelekea kwenye mawe, wakati matawi yaliyovunjika yalikuwa kushoto. Humud akasema, "Amepotea huyo. Mwite." Salim akainua mkono apige mluzi.

"Usimwite," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Mwanamke wa Unguja, mwenye abaya, porini.

"Mkia umeshuka," nikamwambia Salim. "Angalia mkia. Anapokuwa hajui, unacheza. Huyu anajua."

Alinitazama. Akashusha mkono. Tukamfuata Shaba mpaka nyuma ya mawe, na pongo alikuwa hapo, amelala, bado yu hai. Humud akataja jina la Mungu akamchinja, mateso yakaisha. Matawi ya kushoto yalikuwa ya mnyama mwingine.

Njiani kurudi Salim hakutembea na mbwa, alitembea na mimi. "Umeyajuaje haya?" akaniuliza. Nikamwambia ukweli: kwamba hakuna mtu duniani anayemtazama mwingine kama mwenye wivu. Akanipokea chupa ya maji. Kisha akaniita kwa jina langu, lile la kwenye simu, kwa sauti ya chini. Ndugu yake yupo mbele, nikageuza uso.

Shaba aliishi mpaka uzee wake. Alipokufa Salim alilia, na mimi, wallahi, nikaona wivu hata wa yale machozi, huku na mimi nalia. Naye Salim amemfuata, Mungu amrehemu.

Sasa shika nasaha zangu, mwanangu. Chukua yule mwenye ndevu na manyoya ya waya. Baridi ya kule ataiweza na kazi zote mbili ataziweza. Lakini usimnunue kwa picha. Mtazame mama yake na baba yake wakiwa kazini, na katika watoto mwache anayekurukia kwanza, chukua yule anayekutazama kisha akatulia, maana kwenye kunyatia kulungu utulivu ndio utakaokosa, mbio utazipata tu. Mfundishe kukaa kimya kabla hujamfundisha kukimbia. Asilale pale unaposalia. Na yote haya usiyafanye peke yako. Nenda na Shamsa mkawaone. Muulize anaonaje, na akijibu usitazame simu. Jina la mbwa mwachie alitoe yeye. Na siku utakayomuona amenuna, usiseme anamuonea wivu mnyama, ukacheka. Kaa chini umuulize. Mke anayekuonea wivu bado anakutaka, na mimi nakwambia, siku atakapoacha kuona wivu hutasikia hata kishindo.

Nendeni, na Mola awatangulie katika nchi ya watu. Akupe shabaha isiyomtesa kiumbe, riziki ya halali na subira ya mvua zao. Ampe Shamsa moyo mkunjufu, na wewe akupe masikio ya kumsikia. Akuzeesheni pamoja mkiitana kwa majina mazuri. Amin, mwanangu, amin.