Hereni za Siku ya Kwanza

Pale kituo cha utafiti wa mifugo walimwita Mama Hereni, na jina likamkaa, ingawa hakuwahi kuzaa na masikio yake mwenyewe hayakutobolewa. Hereni zake zilikuwa zile za plastiki, za manjano, zenye namba. Kila mwanakondoo alivishwa yake siku ileile ya kuzaliwa, ili utafiti usimchanganye na mwenzake.

Kazi hiyo hakumwachia mtu. Kondoo akizaa tu, yeye yupo: atamfuta mtoto kwa kitambaa, atamchovya kitovu kwenye dawa, atabana hereni kwa koleo, ataandika namba daftarini. Kisha, na hili halikuandikwa popote, atampakata kidogo. Tangu mumewe afariki, nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa na kikombe kimoja mezani na kimya kingi. Kitu chenye joto mapajani si haba.

Shida ni kwamba baadhi ya aliowapakata waliugua. Wiki ya pili goti linavimba, linakuwa la moto, mtoto anachechemea kwa miguu mitatu. Akifa, ukipasua kiungo unakuta usaha. Misimu mitatu, mmoja katika kila watano. Mama Hereni alipewa jukumu moja tu, kujua ugonjwa unaingilia wapi, na mkuu wa kituo alishamwambia kwamba msimu wa nne ndio wa mwisho. Alibadilisha majani ya kulalia, akabadilisha dawa ya kitovu, akawashuku madume, akamshuku hata mtunza stoo, maskini wa watu ambaye zizini hakanyagi.

Siku moja mchungaji wa kundi la mlimani, mtu wa utani usioisha, alishuka kuchukua chumvi ya mifugo.

"Wako bado wanachechemea, dada?"

"Wanachechemea. Wako je?"

"Wangu wanaruka. Lakini wangu washamba, hereni wanavaa wakishaacha ziwa. Wako hata kunyonya hawajanyonya, washapambwa kama wanakwenda harusini."

Alicheka peke yake. Mama Hereni alikuwa amelitazama koleo. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndiyo kinga ya mtoto, na yeye alikuwa akimcheleweshea mapajani mwake. Na koleo lilikuwa likitoka sikio hadi sikio wiki nzima; lilioshwa Ijumaa tu.

Alipangusa mdomo wa koleo kwa pamba, akaipeleka maabara pamoja na usaha wa goti. Siku tatu alisubiri majibu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliomba awe amekosea.

"Vijidudu vilevile," alisema mtu wa maabara, bila kuinua kichwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanyeje ukikuta anayekula ni wewe.

Mkuu wa kituo alisoma ripoti, akakuna kidevu. "Hapa andika 'vifaa', mama. Inatosha."

"Vifaa havijishiki, bosi," akajibu, akaacha sentensi yake ilivyokuwa: hereni zilivishwa na mtafiti mwenyewe, kabla mtoto hajanyonya.

Msimu wa nne sheria ikawa mpya. Mtoto abaki na mamaye hadi ashibe, hereni zingoje, koleo lichemshwe kila baada ya sikio moja. Mama Hereni alisimama nje ya uzio, mikono ndani ya mifuko ya koti, akimtazama wa kwanza akianguka, akiinuka, akitafuta ziwa upande usio na ziwa. Vidole vilimwasha. Mtoto aliposhiba, aliingia, akamchovya kitovu, akatoka. Ilimuuma kuliko alivyotarajia, na hakuwa na wa kumwambia.

Wiki ya tatu alikwenda kuwahesabu. Alichuchumaa kama zamani, akanyoosha mkono, akawaita. Hawakumjua. Walimkimbia wote, mmoja baada ya mwingine, hadi kwa mama zao, na kila mmoja alikimbia kwa miguu minne.