Ukingo wa Tazuko

Katika kundi la wapenda darubini wa bonde lile la mashamba ya chai, Tazuko Inagaki alikuwa na cheo ambacho hakuna aliyemwonea wivu. Alikuwa mlinzi wa ukingo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua na mara nyingine kupita jirani na dunia yetu, huweza kukatiza mbele ya nyota, na nyota ikazimika kwa muda mfupi kuliko chafya. Kivuli cha jiwe dogo ni chembamba. Basi watu hujipanga mstari kulikata bonde, kila mmoja na darubini yake, na kutokana na nani ameona na nani hakuona, njia ya jiwe hujulikana. Ndiyo maana kwao neno "sikuona" huripotiwa kwa heshima ileile ya "nimeona".

Na Tazuko alikuwa akiliripoti hilo "sikuona" tangu bintiye Natsumi akiwa mtoto wa shule. Sasa Natsumi mwenyewe ana watoto. Mstari uliishia nyuma ya banda lao la kukaushia chai, mahali ambapo kivuli hakikutarajiwa kufika, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye banda, ukingo ukawa wake. Mumewe, Kiyomitsu, hakuacha kumchokoza.

"Mama Natsumi, unavaa makoti matatu kwenda kutazama kitu kisichotokea. Si bora ukatazame chai ikiota?"

"Chai nimeshaiona, baba."

Hakuwa na kinyongo, mama huyu. Alipenda baridi ile, alipenda wenzake, alipenda vitonge vya wali na chai ya moto baada ya kazi. Aliyempa mwingine kiti ndiye aliyempa yeye kumbi, na kumbi alikuwa ameshaikalia vizuri. Ila daktari wa macho alikuwa amemwambia kuwa mtoto wa jicho ameanza kumwingia, na kutoka siku hiyo akawa na hamu moja iliyomkereketa: aione nyota ikizimika, mara moja tu, kwa jicho lake.

Wenzake wakajua. Majira ya baridi yalipofika, na jiwe jipya likawa linakuja kupita karibu, Bwana Hirobe, mng'oa meno mstaafu aliyeongoza kundi, akaja kumwona.

"Mama Inagaki, safari hii unakaa darajani, katikati kabisa ya mstari. Tumeshakubaliana."

Tazuko aliinamisha kichwa kushukuru, akachelewa kukiinua. Kisha akauliza, "Na ukingoni?"

"Paache tu. Hesabu za jiwe hili zimenyooka kama uzi."

"Zinyooke zisinyooke, ukingo hauachwi wazi. Likitupotea leo, linakwenda zake nyuma ya jua, na hatutajua tulitafutie wapi tena."

Bwana Hirobe akacheka, akasema hana mtu wa ziada. Tazuko alikuwa naye mmoja, yuko kotatsuni, kwenye meza yao ya kuotea moto, miguu chini ya blanketi.

"Mimi?" Kiyomitsu alishtuka. "Sijui hata nyota ipi ni ipi!"

"Nitakutegea darubini yangu mwenyewe. Wewe utazame kioo tu, usiguse kitu. Kutazama kisichotokea hakuhitaji shule."

Akakubali kwa ahadi ya chungu cha figili na mayai.

Giza lilipoingia Tazuko alikuwa darajani, vipakiti vya joto mifukoni, jicho kwenye darubini ya kuazima. Nyota yake ilitulia pale. Wakati ukafika. Nyota haikutikisika. Wakati ukapita.

Wakaanza kupigiana simu kwa zamu, kama desturi. Wa ng'ambo: sikuona. Wa shuleni: sikuona. Tazuko akasema la kwake, na safari hii lilimchoma. Bwana Hirobe, aliyekuwa kando yake, alivua kofia akajikuna kichwa. "Tumelipoteza," akasema.

Ndipo simu ya Tazuko ikalia.

"Mama Natsumi, usikasirike," sauti ya Kiyomitsu ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani ya wageni. "Sikugusa kitu, naapa. Lakini mashine yako imeharibika. Nyota ilizimika."

"Ilizimika?"

"Ikawaka tena! Lakini ilizimika. Nimekaa tu, mikono mifukoni!"

Tazuko akapiga ukelele uliowatoa watu ndani ya magari yaliyoegeshwa kando ya daraja. Wakati Bwana Hirobe akiruka kama mtoto, yeye alishika ukingo wa daraja, na kwa kitambo akauona wivu wake wazi: miaka yote ile pale nyuma ya banda, na siku anapohama ndiyo siku yenyewe. Kisha kicheko kikamjia, kikaupiku wivu. Jiwe lilikuwa limepatikana: hesabu zilikosea, nalo lilipita ukingoni.

Nyumbani alikuta Kiyomitsu ameshajipakulia.

"Bwana Hirobe anauliza safari ijayo nani akae wapi," Tazuko alisema.

"Wewe rudi darajani kwako. Ukingo una mwenyewe."

"Tazama mwizi huyu!" Akaketi, akaingiza miguu chini ya blanketi. "Haya, niambie. Ilizimikaje?"

Kiyomitsu akafikiri, mashavu yamejaa figili. Maneno yakamshinda. Akaweka vijiti vyake chini, akanyoosha mkono kwenye taa ya mezani, akaizima, akaiwasha.

"Hivi."

Tazuko alikuwa ameikodolea macho taa ile.

"Rudia," akasema.

Akarudia, na akarudia tena, hadi chungu kikapoa.