Mkonga Badala ya Mkono

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama kawaida, mke wangu alinikuta nimevaa shati nje ndani. "Mzee, unakwenda kwa nani na mishono yote hiyo?" Akanivua, akanivisha. Kesho yake hakuamka vizuri, na wiki haikuisha kabla hatujamzika.

Watu walimwita Chiriku. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na jioni akiimba katika bendi yetu. Mimi nilipiga ngoma. Tulirekodi wimbo mmoja tu.

Miaka ikapita, bendi ikafa. Siku moja gari la matangazo ya rangi za nyumba likapita mbele ya karakana yake, vipaza sauti juu. Ulikuwa wimbo wetu, na sauti ilikuwa yake. Aliacha sketi chini ya sindano, akaja kunichukua, tukaenda ofisini kwao.

Meneja, kijana wa heshima, akasema, "Mama, huu wimbo ni wa zamani. Hauna mwenyewe."

"Kwani ulijiimba?"

"Una karatasi yoyote?"

"Sina. Weka ubeti wa pili. Utasikia nasema 'nishike mkonga'. Nilitaka kusema mkono, nikaiona pua ya huyu bwana."

Meneja aliurudia ubeti mara tatu. Mara ya tatu karani akaangua kicheko, na meneja akaitazama pua yangu. Miaka yote hiyo watu walisikia mkono.

Akatuletea ndoo mbili za rangi. "Zawadi yenu, mama."

"Zawadi mpelekee mkweo, mwanangu. Mimi nimefuata ujira."

Nilimkanyaga mguu. Ukuta wetu ulikuwa umebabuka. Hata hakugeuka. Alirudi pale mara nne, mpaka wakasaini, wakalipa, na jina lake likawa linatajwa mwisho wa tangazo. Nilikuwa nasimama barabarani makusudi, nalingoja gari lile lipite.

Malipo yalipofika, hakwenda sokoni kwanza. Alikwenda kwa mjane wa mpiga gitaa wetu kumpa fungu la mumewe. Yule mama akaficha mikono nyuma. "Shoga, marehemu hakuimba hata neno moja. Hii ya nini?"

Chiriku akamshika mkono, akamfumbua vidole, akamwambia:

"Mimi nilitembea tu, shoga. Njia ilikuwa vidole vya mumeo. Pokea."