Somo la Laurette Siku ya Mvua

Mimi Godelive nafundishaka deuxième primaire hapa Kasha, na kinywa yangu haipumzikake, commune muzima ya Bagira banajua. Sasa mutu kama mimi, umukalishe mu kona ya darasa yake mwenyewe, umukataze kusema hata neno moja, wakati mutoto anazama mbele ya macho yake! Njo sheria ya jury, ile mutihani ya mwisho ya benye kusomea ualimu. Mwalimu wa darasa akifungua kinywa kumusaidia finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, finaliste anapata zero. Na finaliste wa ile siku alikuwa Laurette.

Laurette ni binti wa kule Mudaka, anasoma humanités pédagogiques mu secondaire ya hapa jirani, anataka kuwa mwalimu. Programme yao inaendaka polepole, mimi nilikuwa naicheka. Première, banasoma mutoto mu karatasi: anakua namna gani, anacheza juu ya nini. Deuxième, banajifunza kutayarisha somo, lakini mutoto wa kweli bado. Troisième, banatumwa kwetu kukaa nyuma ya darasa, kuangalia na kunyamaza. Mwaka jana, wakati hii batoto yangu ilikuwa première primaire, na mimi nabafundisha tayari, Laurette alikaa pale nyuma, na mimi namuchokoza: "We Laurette, hapa ni sinema? Lipa tiketi!" Anacheka chinichini, anaendelea kuangalia. Quatrième sasa banasimama mbele. Na mwisho, jury: somo moja, basi. Ukianguka, unarudia mwaka. Lakini baba yake, papa Anaclet, alishasema waziwazi: kurudia hakuna, binti atarudi kulima.

Ile asubuhi inspecteur na préfet, mukubwa wa ile secondaire, balikaa nyuma, kalamu mu mikono. Somo ilikuwa lita na nusu lita. Laurette alikuwa na bidon ya lita moja na chupa ya nusu. Alianza vizuri kabisa. Akakumbusha somo ya jana, akabachekesha batoto kidogo, akatangaza somo ya leo. Nikapumua.

Halafu mvua. Yesu wangu, mvua! Darasa yetu haina plafond, ni mabati matupu. Ikinyesha vile, hata upige kelele namna gani, mwenzako anaona tu midomo inachezacheza. Laurette alipaza sauti, bure. Inspecteur akaonyesha sikio yake, akatikisa kichwa, akaandika kitu. Mutoto wa batu anaanguka mutihani hivi, kwa sababu ya mabati!

Laurette akaweka karatasi yake ku meza. Akaenda ku dirisha, akatoa chupa inje, maji ya mabati ikaijaza mara moja. Akamimina mu bidon, akabaonyesha: bado nafasi. Akainua kidole kimoja. Batoto bote bakainua kimoja. Akajaza tena, akamimina, bidon ikajaa mupaka shingo. Vidole viwili! Batoto nao viwili, macho inawaka. Mimi mu kona, nusura nipige vigelegele. Ilibaki sasa application: mutoto mumoja mumoja aje apime yeye mwenyewe. Bila application, somo haijaisha, na jury inakata points nyingi.

Ngurumo ikapasuka juu ya vichwa vyetu. Dany, kale kadogo ka banc ya mbele, kakaanza kulia kwa nguvu, kakaingia chini ya meza. Benzake balianza kutetemeka nao. Inspecteur akaangalia saa. Mimi moyoni nalia: Laurette, endelea! Muache Dany, nitamushika mimi! Lakini kinywa imefungwa.

Laurette akakaa chini. Chini kabisa, na ile sketi yake, jupe ya bleu, mu mavumbi, pembeni ya Dany. Akamupa ile chupa aishike, akamuweka mukono ku mugongo. Benzake bakashuka ku mabanc, bakamuzunguka. Bakakaa vile mupaka kengele ikalia.

Batoto balitoka, mvua ikapungua. Dany peke yake alikataa, ameng'ang'ania jupe ya Laurette, chupa mu mukono. Sasa, kiisha somo, finaliste njo anaanza kujihukumu yeye mwenyewe mbele ya jury.

"Sikumaliza," Laurette akasema. "Application haikufanyika."

"Ulijua inakatwa points?" inspecteur akauliza.

"Nilijua, monsieur."

"Ukirudishwa mu ile saa, utafanya nini?"

Eh, mama! Sema kwamba utaendelea, sema tu hivyo, baba yako anangojea! Laurette akajibu: "Nitakaa chini tena."

Préfet akakohoa.

"Juu ya sababu gani?" inspecteur akauliza.

"Mwaka jana nilikuwa nakaa kule nyuma. Kila mvua ikianza, Dany anaacha banc yake, anakuja kukaa karibu na mimi. Siku moja akaniambia, udongo ilishuka na mvua, ikafunika nyumba yabo. Mutoto mwenye kulia hawezi kupima lita, monsieur."

Mimi, mwalimu wa Dany, nilikuwa naona tu mutoto wa kuhamahama banc.

"Ile ulisoma mu cours gani?"

"Mu ile ya troisième. Ya kukaa nyuma na kunyamaza."

Inspecteur akasimama, akachukua bidon, akainama mbele ya Dany. "Petit, chupa kama ile yako, ngapi zinajaza hii?"

Dany akajificha nyuma ya jupe. Nikaomba Bikira Maria kimoyomoyo. Polepole, mukono ukatokea pembeni ya jupe, na vidole viwili.

"Application," inspecteur akasema, na akaandika. Préfet akapiga makofi.

"Madame Godelive," inspecteur akanigeukia, "finaliste amefaulu. Sasa unaweza kusema."

Na mimi, kwa kinywa yangu yote hii, nililia tu.