Komeo la choo cha soko lilitaka kuniua, nimelishinda kwa waya wa breki

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Shule niliishia la nne, mwandiko mtanivumilia. Ila hili limenikuta mwenyewe, hapa Kashai, na leo nina furaha sijui niiweke wapi!

Mimi ni fundi baiskeli sokoni. Kuna kipindi kuhara damu kulinilaza, nikabaki mifupa.

Tulilazwa hospitali pamoja na Ma Koku, muuza ndizi jirani wa banda langu.

Mimi nilirudi. Yeye tulimrudisha kwao Muleba, Buganguzi, tukamzika migombani.

Siku moja kabla ya kuugua nilitoka choo cha soko, nikampa Ma Koku akamwani kiganjani, zile kahawa kavu tunazotafuna. Na nilikuwa nimenawa kwa sabuni!

Kitandani ndiyo nikaelewa. Sinki iko ndani, mlango unafungukia ndani. Unanawa, halafu unavuta komeo lile lile alilolishika asiyenawa.

Wahusika nawataja. Deo, fundi aliyefunga mlango ule. Ta Rwega, mwenyekiti wa soko, nilipotoka hospitali nilimwambia mara tatu akajibu "choo ni choo". Na mimi, mkono wangu huu.

Tangu hapo sikumpa mtu akamwani tena.

Basi juzi nikageuza bawaba, mlango ufungukie nje. Nikafunga pedeli mbili chini na waya wa breki. Kanyaga ya kwanza, maji yanatoka. Kanyaga ya pili, komeo linanyanyuka, unasukuma kwa goti. Hugusi kitu wakuu!

Ta Rwega akaja mbio.

"We fundi, hiki choo au baiskeli? Nikikanyaga nitafika Muleba?"

Soko zima likacheka.

Nikamwambia, "Ma Koku alishafika, Ta. Wewe ingia."

Akachungulia pedeli.

"Ikinikwama, unang'oa leo leo," akasema, akaingia.

Wakuu, nilisimama nje kama nasubiri majibu ya hospitali.

Shwaaa. Maji.

Halafu nikahesabu mpaka ishirini, komeo halijanyanyuka.

Ka! Mlango ukapigwa goti, mzee huyo, mikono juu inachuruzika, anacheka meno yote nje!

Akaninyooshea kiganja. "Lete akamwani."

Nikaenda kunawa kwanza. Nikakanyaga, nikatoka kwa goti, nikampa.

Nilichojifunza: kunawa siyo mwisho. Angalia unashika nini ukishanawa.

Haya, choo cha soko lenu mlango unafungukia wapi? Nendeni mkaangalie, mje mseme hapa. Waya wa breki ninao.