Aliyemsemea Kijana wa Katuni

Simu ilinikuta jikoni nikimenya viazi, kazi ambayo madaktari bado hawajanikataza. Aliyepiga ni mwenzetu wa chuoni, mtu wa kelele miaka yote, kwa hivyo alipoanza kwa sauti ya chini nilijua kuna jambo. "Boss, keti kwanza," akaniambia. Nikamwambia nimeketi, ingawa nilikuwa nimesimama. "Yule msemaji wetu ametuacha. Jana jioni, huko kwake Kuresoi. Alikula vizuri, akasema anaenda kulala kidogo, basi." Sikulia, maana machozi yangu yana tabia ya kuchelewa. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua sipendi safu za maombolezo, zile zinazomgeuza kila marehemu kuwa malaika. Huyu hakuwa malaika. Alijivunia sauti yake kupita kiasi, alikatiza watu maneno, na sikumbuki akifika mahali kwa wakati. Wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa vijana walioketi gizani pamoja Jumamosi nyingi, tukicheka kitu kimoja, na nimegundua wiki hii kwamba undugu wa namna hiyo nao unauma ukikatika.

Watu wa Kuresoi na Keringet walimjua kwa jambo moja kuliko ualimu wake: posa. Kijana akitaka kuoa, wazee wake hawakuondoka nyumbani kabla ya kumpata yeye awe mdomo wa ukoo. Niliwahi kufuatana naye hadi Keringet kwa ajili ya mpwa wangu, na mjomba wa msichana akatupokea kwa uso wa mawe. "Huyu mtoto tumemsomesha mpaka university," akasema, "na nyinyi mnakuja hapa na kreti mbili za soda?" Sisi wengine tukatazama viatu vyetu. Marehemu akainuka polepole, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mzee, soda ni ya kulainisha koo tu. Mimi nimekuja kuongea, na nikishaanza, wewe mwenyewe utatuma mtu aniletee chai." Yule mzee akajaribu kununa, akashindwa. Chai ikaletwa, na mpwa wangu leo ana watoto. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwaza kwamba kinyozi hajinyoi, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwona mtu huyu siku maneno yalipomwishia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chuo cha ualimu karibu na mji wa Nakuru. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu Mjapani, kijana wa kujitolea, mpole, aliyependa mahindi ya kuchoma kuliko sisi wenyeji. Yeye ndiye aliyeanzisha chama cha filamu. Marafiki zake wa Nairobi walikuwa wakimtumia mikanda kwa basi, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulisukuma meza za bwalo pembeni, tukatundika shuka ukutani na kuziba madirisha kwa blanketi za mabweni. Mimi nilikuwa mtu wa blanketi. Sikuwa na kipaji kingine, lakini dirisha nililoliziba mimi halikupitisha hata mwale mmoja wa jua.

Mikanda yenyewe ilikuwa ya katuni, mfululizo mrefu wa mapenzi na vichekesho. Kulikuwa na kijana aliyepeleka chakula cha hoteli ya mjomba wake kwa baiskeli, na msichana jirani ambaye baba yake alitengeneza miavuli. Kila kipande, kijana alitaka kumwambia msichana neno, na kila kipande kitu kikamkatiza: mbwa, mvua, mjomba, bakuli la supu kumwagika. Tulikuwa hatujaona mambo kama hayo. Macho ya wale watu wa kuchorwa yalikuwa makubwa hata ukawahurumia kabla hawajafanya lolote. Shida ilikuwa moja tu, kwamba walisema Kijapani na hakuna maandishi ya kutafsiri. Siku ya kwanza mwalimu alijaribu kutufafanulia, lakini Kiswahili chake kilikwenda kwa mwendo wa konokono, na alipomaliza kueleza mbwa amefanya nini, mbwa alikuwa ameshafika mtaa mwingine.

Ndipo marehemu akasimama kando ya shuka, bila kuombwa, akaanza kuwasemea. Hakujua neno hata moja la Kijapani. Alitazama mdomo ukifunguka, akautilia maneno; mdomo ukifungwa, naye akafunga wake. Mji wa katuni akauita Molo, kwa sababu ya ukungu. Zile nyuzi za unga ambazo kijana alibeba kwa baiskeli akatuambia ni chapati zilizokatwakatwa kwa ajili ya wazee wasio na meno. Siku moja mwalimu alikuwa mgonjwa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya Kijapani kwenye makebe ya mikanda, tulitia mkanda wa mbele kabla ya wakati wake. Msichana akatokea na nywele fupi, hali wiki iliyopita zilikuwa zinafika kiunoni. Bwalo likanung'unika. "Tulieni," akasema marehemu. "Huyu ni dada yake, ametoka Kuresoi." Basi tukalazimika kuishi na huyo dada hadi mwisho wa muhula. Mtu alimuuliza mwalimu kama kweli wale watu walisema hayo. Mjapani akafuta machozi ya kicheko, akajibu, "Hapana. Lakini endeleeni tu."

Msichana wa katuni naye alisemewa na marehemu, kwa sauti nyembamba ya kubana pua, mpaka Jumamosi moja mwanafunzi mwenzetu aliposimama kutoka viti vya nyuma. Alikuwa binti wa Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye kiwanda cha mbao, mmoja wa wachache waliolala makwao, na kwao kulikuwa upande wa Milimani. Alikuja mbele akiwa ameshika mtandio wake mkononi. "Wewe, wacha," akamwambia. "Hakuna msichana anaongeanga kama kuku. Songa huko." Marehemu akasonga. Tangu siku hiyo yeye alikaa upande wa kushoto wa shuka na binti yule upande wa kulia, na kila mmoja akawa na mdomo wake wa kuulisha. Hawakufanya mazoezi, wala hawakupanga lolote. Kijana wa katuni akisema, "Nimekuletea chakula, lakini kimepoa," msichana wa katuni alijibu, "Kimepoa kwa sababu umezunguka nyumba yetu mara nyingi ukijifanya umepotea." Tulicheka hadi mpishi akaja kuchungulia. Lakini kadiri wiki zilivyokwenda, hata sisi wazito wa kuelewa tulianza kusikia kwamba maneno mengine hayakuwa ya katuni. Walikuwa wanaongea wao, mbele yetu sote, na giza likiwasitiri. Nje ya bwalo waliamkiana kama watu wanaodaiana adabu.

Ni lazima niwaeleze vijana wanaosoma hapa jinsi mambo yalivyokuwa. Tulikaa dawati moja na watoto wa Kihindi, tukagawana vitabu, tukanunua sare katika maduka ya baba zao. Urafiki huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na lango lake, na kila mtu alijua lango liko wapi bila kuonyeshwa. Sisi hatukuingia sebuleni kwao. Wao hawakuja kulala kwetu mashambani. Mwaka ule tena kulikuwa na hofu, maana nchi jirani ilikuwa imewafukuza Wahindi wake, na familia nyingi za Nakuru zilikuwa zinauza mali na kuelekea Uingereza. Baba yake binti akauza kiwanda. Binti alitutangazia darasani kwamba wanaondoka mwisho wa mwezi, kisha akaongeza, akitazama ubao na si mtu, "Baba amesema naweza kubaki kwa dada yangu nimalize kozi. Akasema ni mimi nichague." Chuo kizima kikajua amemchagulia nani maneno hayo. Kilichobaki ni mtu mmoja tu kufungua mdomo.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kipande cha mwisho. Bwalo lilijaa, hata wale waliodharau katuni walikuja. Katika shuka, kijana na msichana walisimama chini ya mwavuli uliopasuka, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mbwa wala mjomba wa kuwakatiza. Mdomo wa kijana ukafunguka. Marehemu aliacha ile sauti yake ya mchezo, akasema kwa sauti aliyozaliwa nayo, "Kila mtu anasema unaenda. Mimi nauliza kitu moja tu. Nikikuambia ubaki, utabaki?" Halafu mdomo wa msichana wa katuni ukaanza kusema, ukasema kwa muda mrefu, na upande wa kulia kukawa kimya. Tulisikia projekta ikizunguka tu. Msichana wa kuchorwa akamaliza, akafunga mdomo, akatabasamu. Hapo ndipo binti alipozungumza, kinyume cha kanuni yao yote, mdomo wa katuni ukiwa umefungwa kabisa. "Uniulize tena," akasema, "tukishatoa blanketi."

Bwalo lililipuka kwa vifijo, wengi wakidhani ni kichekesho kizuri kuliko vyote vya muhula ule. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la mbele, nikavuta blanketi, na jua la alasiri likawaangukia wote wawili. Naona hata leo jinsi binti alivyosimama. Alikuwa amemgeukia, mikono chini, uso wazi, hakuficha chochote. Marehemu alimtazama. Akafungua mdomo, naapa aliufungua. Kisha akainama, akaanza kukunja waya wa projekta, akiuzungusha kwenye kiwiko taratibu, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa kitu kingine maishani. "Hii waya inaharibikanga ikiachwa hivi," akasema, na hakuwa akimwambia mtu. Binti akangoja mpaka waya ukaisha. Honi ya gari la kaka yake, aliyekuja kumchukua, ikalia langoni. Akatupa mkono sisi wote mmoja mmoja, na marehemu pia, akajifunga mtandio, akatoka. Mwisho wa mwezi walipanda ndege, na sijasikia habari zake tangu hapo, ingawa mara nyingi nimetamani.

Miaka mingi baadaye, tukiwa watu wenye mvi, nilimkuta marehemu mjini Nakuru tukaketi kunywa chai, nami nikamuuliza kwa nini siku ile hakumuuliza binti tena. Nilidhani aliogopa kukataliwa. Akacheka bila furaha. "Angekataa ningelia wiki moja, niende nyumbani tupande viazi," akasema. "Mimi nilijua atakubali. Nilimwangalia usoni nikajua. Sasa akikubali nampeleka wapi? Mama yangu angemwekea kiti gani? Baba yake je? Nyumba gani hapa Nakuru ingetupangisha, mimi na yeye, watu wasitoke nje kutuangalia? Nilikuwa na swali, bwana. Lakini mpango wa hiyo 'ndiyo' yake sikuwa nao." Alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. Kila alilolitaja lilikuwa kweli. Lakini nilimwonea uchungu, na nikajionea uchungu mimi pia, na bwalo lile, na nchi ile iliyotuweka gizani pamoja tukacheka, kisha mwanga ukaingia kila mtu akarudi kwao.

Tulimzika kwenye shamba lake, mvua ikinyesha. Wasemaji walisifu posa zake, na hakuna aliyesema vizuri kama ambavyo angesema yeye. Baadaye nilimwendea mjane wake, mwalimu mstaafu, nikamwomba ruhusa ya kuandika habari hii, nikigugumia kama mwanafunzi. Akanipa kikombe cha uji kwanza. "Andika tu, shemeji," akasema. "Alinisimulia kabla hajanioa. Mimi hakunitumia wazee kwanza. Alikuja shuleni kwetu mchana, uwanjani, watoto wakituangalia, akaniuliza mwenyewe. Akaniambia, 'Ukisema ndiyo, nyumba iko, mama anajua, na siku nimeshaipanga.' Nilidhani amerukwa na akili." Akatazama mvua. "Lakini kuna Jumamosi zingine, hiyo saa ya alasiri, alikuwa anaketi pale nje peke yake, kimya, yeye wa kuongea vile. Sikumuuliza. Nilimpelekea chai nikamwacha."

Nimefikiri sana juu ya maneno ya mama huyu, na yote niliyoyapata ni haya. Tunawafundisha vijana kuvumilia kukataliwa, na ni vyema, ila kukataliwa hakumdai mtu mengi: utaumia, utalala, kutakucha. Kukubaliwa ndiko kunakotaka mtu aliyejiandaa, aliyekwisha kuzungumza na mama yake, aliye tayari kutazamwa njiani na asiinamishe kichwa. Kama kuna mtu unayetaka kumuuliza, muulize mchana, kwa mdomo wako. Lakini kabla hujaondoka nyumbani, tafuta kwanza mahali pa kumweka akikubali.